Wageni wa Siku Kumi na Watoto Wetu

Kila mwaka, shule za nchi za kaskazini zifungwapo kwa kiangazi, huja kwetu watu wa namna moja ambao wasomaji wa jarida hili hawakosi kuwaona katika viwanja vya ndege na stendi za mabasi: vijana kumi na watano au ishirini, wamevaa fulana za rangi moja, wakiongozwa na mchungaji wao, na masanduku yao yamejaa mipira, kalamu za rangi, peremende na shanga. Hawaji kutazama simba, ingawa simba watatazamwa katika siku mbili za mwisho. Huja kujitolea. Watakaa kijijini siku kumi, wataendesha kambi ya watoto, watafundisha nyimbo na habari za Yesu, kisha watarudi kwao. Baina ya mgeni na mtoto husimama mtu wa tatu, asiyetajwa katika ripoti wala kuonekana katika picha ila bega lake. Mtu huyo ni mkalimani. Aghalabu ni mwanafunzi wa chuo kikuu, na mara nyingi ni mwanafunzi wa somo la Kiswahili.

Nataka kusema neno juu ya kambi hizo, nami nataka kulisema kwa Kiswahili, kwa sababu kwa Kiingereza wenyewe wamekwisha kuambiana mengi, wakijilaumu na kujitetea, ilhali sisi tumenyamaza kana kwamba watoto wanaozungumzwa ni wa mtu mwingine. Neno lenyewe ni hili: mtu asiyeijua lugha ya mtoto, wala hana nia ya kujifunza, hana haki ya kumfundisha mtoto huyo mambo ya roho yake, na sisi tunaomwazima ndimi zetu ndio tunaompa haki asiyokuwa nayo.

Isidhaniwe kuwa nasema haya kwa chuki ya dini au ya rangi. Nalibatizwa ningali mchanga, na marehemu baba alikuwa mwinjilisti aliyezunguka vijiji kwa baiskeli miaka mingi, akifundisha watoto katekisimu chini ya miembe. Wala sikupata mtu aliyenifunza Kiswahili safi kumshinda yeye. Kukusanya watoto ili kuwasimulia habari za Mungu ni jambo jema kwa waaminio. Mwaka 1868 Mwingereza mmoja, Josiah Spiers, aliwakusanya watoto katika ufuko wa Llandudno huko Wales, akachora mchangani maneno ya kuwa Mungu ni upendo, nao wakayapamba kwa vitu vya pwani. Kazi kubwa ya makambi ya watoto ilikua kutokana na mambo kama hayo. Lakini watoto wale waliyasoma maneno waliyoyapamba, kwa kuwa yaliandikwa katika lugha waijuayo.

Mimi mwenyewe nalikuwa mkalimani wa kambi mwaka 2004, nilipokuwa mwanafunzi wa mwaka wa pili, katika kijiji kimoja cha bara ya Tanga ambacho nusu ya watu wake ni Waislamu na nusu ni Wakristo, nao huzikana na kuozana pasipo ugomvi. Wageni walitoka kusini mwa Marekani. Kanisa lao sitalitaja, maana walikuwa watu wema, na ubaya nitakaousimulia ni wangu zaidi kuliko wao. Ujira wangu ulikuwa shilingi elfu tano kwa siku, chakula cha mchana, na fulana.

Siku ya pili binti mmoja wa miaka kumi na tisa alisimama mbele ya watoto, akaeleza kifo na ufufuo kwa dakika kumi, kisha akauliza ni nani anayetaka kumpokea Yesu. Nikafasiri kama nilivyozoea kusikia kanisani: Nani anataka kumpokea Yesu? Neno kupokea, kama wasomaji wajuavyo, lina nyumba nyingi. Mtu hupokea mshahara; hupokea simu; humpokea mgeni stendi; na mtoto mwenye adabu akimwona mkubwa amebeba mzigo humkimbilia akampokea. Watoto wa kijiji kile walikuwa wamelelewa vema. Walipoulizwa ni nani atakayempokea mgeni, mikono yote iliinuka, 83, na mvulana mdogo aliyekuwa karibu nami akanivuta suruali akaniuliza: “Kaka, anakuja na basi la saa ngapi?”

Binti akataka kujua mtoto amesema nini. Nikamwambia amefurahi.

Mikono ikahesabiwa. Kesho yake swali lile lile likaulizwa, ikainuka mikono 91, ikahesabiwa tena. Kiongozi wao akaandika katika daftari kuwa watoto 174 wamemkubali Mwokozi, ilhali kijiji kizima hakikuwa na watoto wa umri ule zaidi ya mia na kidogo. Nauona mpaka leo ule ujumlisho, na ile mistari miwili iliyopigwa chini yake kwa kalamu. Sikusema neno.

Siku ya tano alikuja bibi mmoja, amejitanda kanga, mkononi ameshika bangili ya shanga ambayo mjukuu wake alirudi nayo nyumbani. Nikamwamkia, “Shikamoo, bibi.” Akaitika, “Marahaba, mwanangu,” akaniuliza habari za wazee wangu na habari za masomo, yote kwa taratibu yake, ndipo akasema: “Mwanangu, wageni hawa tumewapenda, na mipira tumeiona. Lakini mtoto ananiambia hii shanga nyeusi ni dhambi zake. Huyu ana miaka sita. Waulize kwa adabu ni dhambi gani hizo. Na baba yake hayupo, amesafiri. Basi waulize pia ni nani waliyemtaka ruhusa.” Akaiweka bangili katika kiganja changu.

Wageni walikuwa wamekwisha kusogea, wakitabasamu, kamera tayari. Wakaniuliza bibi anasemaje. Nikawaambia anawashukuru. Wakamkumbatia mmoja mmoja, wakapiga picha naye. Na bibi yule, kwa adabu ya watu wa kwao, akasimama akapigwa picha. Aliponitazama alijua kwamba maneno yake hayakufika, kwa sababu yake yalikuwa marefu, na yangu yalikuwa mawili. Miaka ishirini na zaidi imepita, nimesomea lugha hii mpaka shahada ya udaktari, nami nimewafundisha wengine namna ya kufasiri. Haya ya siku ile ningali nayo.

Bangili ile ina nasaba yake. Mwaka 1866 Charles Spurgeon, mhubiri mashuhuri wa London, alihubiri juu ya kitabu kidogo kisicho na neno hata moja, chenye kurasa tatu tu: nyeusi ya dhambi, nyekundu ya damu, nyeupe ya utakaso. Baadaye zikaongezwa rangi ya dhahabu na ya kijani, na kitabu kikaenea ulimwenguni, kikageuzwa kuwa mpira wa kuchezea na shanga za mkononi. Kwa watu wa London, walioelezwa maana yake kwa lugha yao, yamkini kilifaa. Kwetu kimependwa na wageni kwa sababu ya sifa moja, nayo ni kwamba hakihitaji maneno: humwezesha mtu kuiruka lugha ya wenyeji kama mtu arukavyo mfereji. Lakini rangi si lugha ya watu wote. Sitaficha kwamba hata sisi tunasema moyo mweupe, tukiwa na maana ya moyo usio na hila. Walakini mkulima wa Muheza aonapo wingu jeusi hushukuru, na atafutapo shamba hutafuta udongo mweusi. Mtoto wake amesikia sifa hizo tangu kuzaliwa. Na zaidi ya hayo yuko mtoto mwenyewe, anayeitazama ile shanga, kisha akautazama mkono wake ilipofungwa, kisha akautazama mkono wa yule aliyeifunga. Somo analolipata hapo Spurgeon hakuliandika, wala binti wa Marekani hakulikusudia. Mtoto hulipata vivyo hivyo, na hapana wa kumwuliza amelipata vipi, kwa kuwa atakaye kuuliza hajui lugha, na ajuaye lugha amelipwa afasiri tu.

Wapo watakaonijibu kwa kunikumbusha kwamba Ukristo wenyewe uliletwa pwani yetu na wageni. Ni kweli, na mfano huo naupokea kwa mikono miwili, maana ndio unaowahukumu wageni wa leo. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Katika miezi michache akamzika mkewe na mtoto wao mchanga. Na mwaka ule ule alikuwa amekaa chini na kadhi wa Mombasa, Mwislamu, akijaribu kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Mwenziwe, Johannes Rebmann, alikuja mwaka 1846, akaondoka mwaka 1875, na alipoondoka alikuwa kipofu. Edward Steere aliyefika Unguja mwaka 1864 alitumia miaka yake ya kwanza kusikiliza. Na mwaka 1870 akatoa kitabu cha sarufi na kitabu cha hadithi alizosimuliwa na Waunguja. Alizisikia hadithi zetu, akaziona zastahili kupigwa chapa. Watu hawa walikuwa na makosa, na mengine ni makubwa. Walituona washenzi, na njia waliyoikanyaga ilipitiwa baadaye na watu wenye bunduki na bendera. Siwafanyi watakatifu. Lakini walijua jambo moja ambalo wageni wa siku kumi hawalijui, kuwa mtu haingii katika moyo wa mwenziwe kwa mlango wa dirishani, na kwamba kazi ya kwanza ya mwalimu katika nchi ya watu ni kuwa mwanafunzi. Krapf alipotaka kujua neno gani latosha alikwenda kwa kadhi. Binti yetu alipotaka kujua neno gani latosha alinigeukia mimi, nami nikamdanganya.

Wahenga wamesema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Twaupenda usemi huu na kuutaja kila mara, lakini wageni wa kambi wameupindua. Hawangoji siku ya tatu. Huliomba jembe saa ile washukapo garini, wakalima tuta moja mbele ya kamera, au wakapaka rangi ukuta wa darasa ambao mwaka jana ulipakwa na kundi jingine. Aliyeutunga usemi hakuwa akitafuta vibarua. Alijua kwamba katika zile siku mbili mgeni hulishwa, hutazama, husikia watu wanavyoitana na wanavyokatazana, hata akipewa jembe siku ya tatu ajue shamba ni la nani. Atakayelishika jembe kabla ya hapo hukata miche.

Na fedha je? Hapa wenyeji wengi hunyamaza, kwa kuwa wageni huacha kitu: bati za kanisa, kisima, karo za watoto kadhaa. Sidharau bati. Lakini yafaa tujue hesabu yenyewe. Mwanachuoni Robert Wuthnow wa Princeton, kwa takwimu za mwaka 2005, alikadiria kwamba washirika wa makanisa ya Marekani wapatao milioni 1.6 husafiri ng’ambo kila mwaka kwa safari fupi za kidini. Na mwenziwe, Kurt Ver Beek, Mkristo aliyeishi Honduras muda mrefu, aliwahoji watu waliojengewa nyumba huko baada ya kimbunga Mitch cha mwaka 1998, na wageni waliokwenda kuzijenga. Matokeo yalitolewa mwaka 2006. Nyumba iliyojengwa na kundi la wageni ilifikia kama dola 30,000 ukihesabu na nauli zao. Nyumba ya namna hiyo iliyojengwa na mafundi wa nchi ilikuwa kama dola 2,000. Waliohamia nyumba za wageni hawakuonyesha tofauti yoyote na waliohamia nyumba za mafundi. Na wageni wenyewe, walioapa kuwa safari imewageuza, hawakubadili sana utoaji wao wala sala zao waliporudi kwao. Nyumba yaweza kupimwa hivi kwa sababu ni nyumba. Kambi ya watoto hupimwa kwa mikono iliyoinuka, na nimekwisha kueleza mikono huinuliwa vipi.

Husemwa pia kuwa watoto walifurahi. Walifurahi, naam; nami nilifurahi nao, na wimbo mmoja wa siku zile ningali naukumbuka. Mtoto wa kijijini akiletewa mpira mpya atafurahi, ausome mlete mpira Injili au asome bei ya korosho. Furaha yake haithibitishi kitu ila kwamba hana mpira. Aliyeshinda akicheza na kijana mgeni siku tisa, amebebwa begani, amefundishwa kumwita rafiki, siku ya kumi husimama barabarani akiliangalia gari mpaka vumbi litulie. Na mwaka ujao huja rafiki mwingine. Hilo nililiona. Wale wanaosema juu ya upendo wangepaswa kukaa siku ya kumi na moja walione.

Liko pia jambo la ulinzi, nalo nitaligusa kwa ufupi kwa kuwa halihitaji maneno mengi. Mwaka 2016 mahakama ya Marekani huko Oklahoma ilimhukumu kijana mmoja kifungo cha miaka 40 kwa ukatili wa kinyama aliowafanyia watoto wa kituo kimoja cha Nairobi, alikokwenda kujitolea. Alipokelewa kama wanavyopokelewa wote, kwa kuwa alikuja kwa hiari na kwa jina la wema. Wengi wanaokuja hawana hatia kama hiyo, wala haifai kuwadhania. Lakini mwalimu wa shule ya msingi hapa kwetu hawezi kupewa darasa mpaka aonyeshe vyeti vyake. Mgeni hupewa watoto mia kwa kuonyesha meno tu. Nasi je, tukiwapeleka wanafunzi wetu sita katika mji wowote wa Texas, wasiojua Kiingereza, wakaomba wapewe watoto wa mji kwa siku kumi wawafundishe dini, wangefika wapi? Nadhani hawangevuka dirisha la viza.

Ivan Illich, aliyekuwa padri, aliwahutubia vijana wa Marekani huko Cuernavaca, Mexico, mwezi wa Aprili 1968, akawaomba waje nchini kutazama na kujifunza, wala wasije kusaidia. Hotuba yake ilikuwa kali, na kwa sehemu kubwa nakubaliana nayo. Katika jambo moja namwacha. Yeye aliwaambia wageni, na wageni wamekuwa wakiisoma kwa zaidi ya miaka hamsini huku wakizidi kuja. Mimi nawaambia wakalimani. Mgeni hawezi kuendesha kambi hata nusu saa bila sisi. Sisi ndio mlango, na mlango waweza kufungwa.

Mwanafunzi wangu mmoja, msichana hodari, alinisikia nikisema haya darasani akanijibu: “Mwalimu, samahani, lakini siku kumi za wageni ndizo karo yangu ya muhula.” Darasa likacheka, mimi sikucheka. Aliyekula shilingi elfu tano za mwaka 2004 hana kinywa cha kumlaumu anayekula zaidi leo. Sikumwambia asiende. Nilimwambia kwamba mkalimani anayelipwa na upande mmoja bado ana deni kwa pande zote mbili. Bibi akisema, bibi afasiriwe, neno kwa neno, hata kama tabasamu zitakufa na ujira ukapunguzwa. Akaniuliza kama nami nalifanya hivyo. Nikamsimulia niliyowasimulia ninyi.

Sasa juu ya meza yangu ipo barua ya kundi jingine, iliyoandikwa kwa heshima, ikiomba wanafunzi sita wa kufasiri katika kambi ya mwezi wa Julai. Nimewajibu kwamba watawapata, ikiwa wazazi wa kila mtoto wataambiwa mapema, kwa Kiswahili, ni nini kitakachofundishwa na ni nani atakayefundisha, na wakakubali. Ikiwa masomo yatafundishwa na walimu wa kijiji kile kile, wa dini ile ile, wageni wakikaa mkekani pamoja na watoto wakisikiliza. Ikiwa shanga zitabaki sandukuni na mikono haitahesabiwa. Na ikiwa kila swali la mtoto litafasiriwa kwao, hata la basi. Nimeongeza kuwa yeyote kati yao atakayetaka kurudi na kukaa mwaka mzima, idara itamfundisha lugha bila ya malipo, na mimi mwenyewe nitakuwa mwalimu wake.

Barua ilipelekwa Jumatatu. Wakijibu, nitaomba mhariri ayatoe majibu yao katika toleo lijalo, na safari hii tafsiri itakuwa kamili.